Weusi wa Koloni: Jeni za Vazi la Bakteria wa Ufizi na Chimbuko la Ukali Wao

Ugonjwa wa ufizi una hatua mbili ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa, ingawa tofauti kati yake ndiyo msingi wa mhadhara huu. Hatua ya kwanza, jinjivitisi, ni uvimbe wa ufizi unaotoa damu mtu anapopiga mswaki, nao hutulia ukoga unapoondolewa. Hatua ya pili, periodontitisi, ni uharibifu wa nyuzi zinazolishikilia jino na wa mfupa wa taya unaolizunguka, na kilichopotea katika hatua hiyo hakirudi chenyewe hata kinywa kikisafishwa namna gani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba periodontitisi kali inawapata watu zaidi ya bilioni 1 duniani, yaani takriban asilimia 19 ya wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Kwa muda mrefu maelezo yaliyokubalika yalikuwa mepesi: ukoga ukizidi, ufizi huvimba, na uvimbe ukidumu, mfupa huliwa. Maelezo hayo yalitikiswa, miongoni mwa mahali pengine, katika Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na mwenzao walichapisha uchunguzi wa meno ya watu wazima wa Tanzania, na mwaka 1988 Baelum na Fejerskov, safari hii pamoja na Firoze Manji, walichapisha mwingine wa watu zaidi ya 1,000 wa Machakos, Kenya, wenye umri kati ya miaka 15 na 65. Watu hao hawakuwa na huduma kubwa ya meno, na ukoga, ule laini na ule uliogeuka mgumu kama chokaa, ulikutwa karibu katika kila kinywa. Hata hivyo uharibifu mkubwa wa mfupa ulijikusanya kwa watu wachache na kwa meno machache ya watu hao. Kama wingi wa uchafu ungekuwa ndio sababu inayotosha, Machakos yote ingekuwa vibogoyo. Ilibidi basi swali la kiasi cha bakteria liachie nafasi swali la aina zao, na, kama itakavyoonekana, swali la aina nalo likaachia nafasi swali la vazi walilovaa.

Spishi iliyochunguzwa kuliko nyingine zote katika jambo hili ni Porphyromonas gingivalis, bakteria wa umbo la kijiti kifupi, asiyevumilia oksijeni, anayeishi katika kifuko kinachojitokeza kati ya jino na ufizi unapoanza kuachana nalo. Sehemu ya kwanza ya jina lake, alilopewa mwaka 1988 baada ya kutolewa katika jenasi ya Bacteroides, inatokana na neno la Kigiriki la rangi ya zambarau. Miaka kumi baadaye, mwaka 1998, Sigmund Socransky na wenzake wa Boston, walipokuwa wakizipanga jamii za bakteria wa chini ya ufizi kwa kuangalia zipi huandamana na zipi, walimweka pamoja na Tannerella forsythia na Treponema denticola katika kundi walilolipa jina la rangi nyekundu, kundi ambalo huonekana zaidi katika vifuko virefu na vinavyotoa damu. Kwa hiyo bakteria mwenye jina la zambarau, anayeota mweusi, akaishia katika kundi jekundu. Na kati ya rangi hizo tatu, ni weusi peke yake unaoeleza jambo la kweli kuhusu tabia yake.

Akioteshwa juu ya jeli yenye damu, Porphyromonas gingivalis huanza kwa koloni, yaani kifundo cha seli zilizozaliana mahali pamoja, ya rangi hafifu, ambayo baada ya siku kadhaa hupiga weusi. Weusi huo ni hemu, ile sehemu ya himoglobini inayobeba chuma, iliyonyofolewa kutoka katika chembe nyekundu za damu na kulimbikizwa juu ya ngozi ya bakteria. Bakteria huyu hana uwezo kamili wa kujitengenezea hemu, lakini hawezi kuishi bila hiyo, hivyo weusi ni ghala lake la chuma. Na kwa kuwa molekuli za hemu zilizopangwa namna hiyo hukamata oksijeni na kuipunguza makali, weusi huohuo ni ngao kwa kiumbe ambaye hewa ya kawaida ni sumu kwake. Kazi ya kunyofoa hufanywa na vimeng'enya vinavyokata protini, vilivyoitwa jinjipeini katika maabara ya James Travis na Jan Potempa kwenye Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Jinjipeini zinatokana na jeni tatu tu. Jeni za rgpA na rgpB hutoa vimeng'enya vinavyokata mnyororo wa protini baada ya asidi amino iitwayo ajinini, na jeni ya kgp hutoa kimoja kinachokata baada ya lisini. Na kwa kuwa ajinini na lisini zimo karibu katika kila protini ya mwili, ni vigumu kuitaja protini ya ufizi ambayo mikasi hiyo mitatu haiwezi kuikata. Protini za mfumo wa kinga hukatwa, kingamwili hukatwa, protini za kugandisha damu huvurugwa, na kutoka katika majimaji ya damu huachiliwa bradikinini, molekuli inayolegeza kuta za mishipa midogo hata majimaji yakavuja kwa wingi zaidi kuingia katika kifuko. Uvimbe ambao mgonjwa anauona kama ajali ya ugonjwa ni, kwa upande wa bakteria, mfereji wa chakula, kwa maana yeye hategemei sukari kupata nguvu, bali vipande vya protini, na majimaji hayo humletea vyote viwili, protini na hemu. Jeni za rgpA na kgp, tofauti na rgpB, zina pia sehemu za ziada zinazotengeneza mikono ya kushikia chembe nyekundu za damu, kiasi kwamba kinachokamata na kinachokata vimeandikwa katika jeni moja.

Weusi huu uliwapa wanajenetiki kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Wanaweza kumwingizia bakteria kipande cha DNA kiitwacho transposoni, kinachojipachika popote katika jenomu na kuivunja jeni kinayoiangukia, kisha wakaotesha maelfu ya koloni na kuzitafuta kwa macho zile zilizobaki nyeupe. Koloni nyeupe ni ya bakteria aliyeshindwa katika hatua mojawapo ya kuupata au kuuvaa weusi. Iliyotarajiwa ilipatikana: jeni ya kgp ikivunjika, koloni haiwi nyeusi. Lakini zilipatikana pia koloni nyeupe ambazo jeni zake tatu za jinjipeini zilikuwa nzima, zimeandikwa bila kosa, na hizo ndizo zilizofungua mlango.

Baadhi ya koloni hizo zilizochunguzwa na kundi la Koji Nakayama katika Chuo Kikuu cha Nagasaki, Japani, zilikuwa na kasoro katika jeni zilizopewa majina ya por. Porphyromonas gingivalis, kama bakteria wengine wa tabaka lake, ana utando wa ndani na utando wa nje, na protini inayotakiwa kukaa juu ya ngozi lazima ivuke zote mbili. Ilibainika, na mwaka 2010 ikachapishwa na kundi hilo, kwamba jinjipeini huvuka utando wa nje kwa mtambo ambao haukuwa umetambuliwa, na ambao sasa huitwa mfumo wa tisa wa utoaji. Jeni zake zina ndugu katika Flavobacterium johnsoniae, bakteria asiye na uhusiano wowote na meno, anayeishi katika udongo na maji baridi na kuteleza juu ya vitu bila mkia wala miguu; kumbe mtambo unaompa yeye mwendo ni jamaa wa karibu wa ule unaompa mwenzake silaha. Protini zaidi ya 30 za Porphyromonas gingivalis hubeba mwishoni mwake kipande maalumu cha mnyororo ambacho mtambo huu hukitambua kama muhuri wa safari, zikiwemo jinjipeini na pia kimeng'enya kinachoibadilisha ajinini ya protini za mwili kuwa sitrulini, badiliko ambalo limewavutia watafiti wa baridi yabisi. Bakteria mwenye mtambo mbovu hutengeneza silaha zote, zikarundikana ndani yake, na nje akabaki mtupu.

Hata hivyo kuvuka utando si kuvaa. Protini ikishafika nje, kimeng'enya kiitwacho PorU huukata ule muhuri na kuifunga protini kwenye molekuli ya ngozi, na molekuli hiyo ni lipopolisakaridi, yaani mchanganyiko wa mafuta yaliyozama katika utando wa nje na mnyororo wa sukari unaoning'inia nje. Bakteria huyu ana lipopolisakaridi za aina mbili. Moja ina mnyororo wa vipande vya sukari vinavyojirudia, kama ilivyo kwa bakteria wengi, na ya pili, iliyopewa herufi A, ina mnyororo wa matawi ya manosi yenye fosfati, unaobeba chaji hasi. Ni hii ya pili inayofanya kazi ya tundu la kifungo. Kundi la Michael Curtis, jijini London, lilikuwa limetengeneza kingamwili dhidi ya jinjipeini ya rgpA, na kingamwili hiyo ikawa inanasa pia sukari ya ngozi isiyo na protini ndani yake. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba kilichokuwa kikitambuliwa muda wote ni tawi la manosi na fosfati, wala si kimeng'enya chenyewe. Kosa la maabara lingeweza kutupwa kapuni. Badala yake lilionyesha kwamba silaha na vazi vimeshonwa kwa uzi mmoja.

Kabla ya hapo, mwaka 2002, jeni ya porR ilikuwa imeelezwa na Nakayama na wenzake. Ikivunjwa, koloni huwa nyeupe na jinjipeini hazikai juu ya ngozi, ilhali porR haitengenezi jinjipeini, wala haimo katika mtambo wa kuvusha: inafanana na jeni za vimeng'enya vinavyohamisha kikundi cha amino kwenda kwenye sukari, na kazi yake imo katika utengenezaji wa ile lipopolisakaridi ya A. Hapa ndipo penye hoja nzima ya mhadhara huu. Mtu akiuliza ni jeni ipi inayombeba bakteria huyu katika ukali wake, jibu la vitabu vingi huwa ni zile tatu za mikasi. Lakini jeni ndogo ya kurekebisha sukari moja, isiyogusa protini yoyote ya mwili wa binadamu, inaweza kuivua mikasi yote kwa mara moja, pamoja na protini nyingine nyingi zinazopita njia hiyo. Kiumbe ambaye hategemei sukari kwa chakula ameweka silaha zake rehani kwa sukari. Ukali, kwa mtazamo huo, ni sifa ya ushonaji kuliko ya kitambaa, na kuutafuta katika jeni mojamoja zilizotenganishwa kutoka katika jenomu ni sawa na kutafuta kanzu katika bobini ya uzi.

Ushahidi wa pili wa hoja hiyo umo katika fimbria, yaani nywele nyembamba za protini ambazo kwa hizo bakteria hujishikiza kwenye seli za ufizi na kwa bakteria wenzake. Nywele ndefu hujengwa kwa protini ya jeni ya fimA, na fupi kwa ile ya mfa1. Jeni ya fimA ina maumbo sita yanayotambulika, ya I hadi V pamoja na Ib, na Atsuo Amano na wenzake wa Osaka walionyesha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba umbo la II hukutwa zaidi kwa wenye periodontitisi, na la I zaidi kwa wenye ufizi mzima. Uhusiano huo ni wa kitakwimu, na haufai kufanywa ramli ya kumtabiria mgonjwa mmoja. Jambo lenye uzito zaidi ni jinsi nywele zinavyoota: protini ya FimA hufika nje ikiwa na kipande cha ziada mwanzoni, na haiwezi kuungana na wenzake mpaka kipande hicho kikatwe, na kinachokikata ni jinjipeini za rgp. Tangu mwaka 1996 ilijulikana kwamba bakteria aliyenyang'anywa jeni za rgp hukosa nywele. Mikasi inayoharibu mwili wa mwenyeji ndiyo inayomkatia bakteria nguo yake mwenyewe, na hivyo ile porR ya sukari, kwa kuiondoa mikasi mahali pake, inagusa hata nywele ambazo kwa maandishi ya jenomu hazihusiani nayo.

Juu ya hayo yote baadhi ya nasaba, yaani koo za bakteria wa spishi moja zilizohifadhiwa katika maabara, huvaa kapsuli, blanketi la sukari ambalo limegawanywa kwa kingamwili katika aina za K1 hadi K6, na ambalo jeni zake zimekaa pamoja kama kijiji kimoja katika jenomu. Katika panya, nasaba zenye kapsuli zilizodungwa chini ya ngozi zilisambaza uambukizo, wakati zisizo nayo zilielekea kuacha jipu lililotulia mahali pake. Na ilipovunjwa jeni ya kapsuli, seli za ufizi wa binadamu zilipiga kelele zaidi, yaani zilitoa ishara nyingi zaidi za kuamsha kinga. Kapsuli basi hunyamazisha, wala haishambulii.

Ukimya huo unafika hadi kwenye mafuta ya lipopolisakaridi. Kwa bakteria wengi wa tumbo, mafuta hayo yana mikia sita, na mwili huyatambua mara moja kwa kipokezi kilichoko juu ya seli za kinga, ukapandisha homa. Porphyromonas gingivalis huwa na mikia mitano au minne, na ile ya minne si tu kwamba haikiamshi kipokezi, bali hukaa mahali pake na kukizuia kisiamshwe na wengine. Kundi la Richard Darveau, Seattle, lilionyesha mwaka 2006 kwamba hemu inapokuwa nyingi bakteria huelekea kwenye mikia minne, na inapopungua huelekea kwenye mitano. Ufizi unapotoa damu, ambapo ndipo bakteria huyu anapostawi, ndipo vazi lake linapokuwa na sauti ndogo zaidi.

Mwaka 2011 George Hajishengallis, Darveau na wenzao waliunganisha mambo hayo katika jaribio la panya. Bakteria huyu alipoingizwa vinywani mwa panya, alibaki sehemu ndogo sana, chini ya asilimia 0.01 ya bakteria wote, lakini wingi na mpangilio wa bakteria wengine ulibadilika na mfupa ukaliwa. Alipoingizwa peke yake kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote, mfupa haukuguswa. Panya waliokosa kipokezi cha kipande cha protini za kinga ambacho jinjipeini hukizalisha kwa kukata nao hawakupoteza mfupa. Matokeo hayo yanarudi Machakos kwa njia ya ajabu kidogo: ukoga ni wa lazima, kwa kuwa ndio unaofanya uharibifu, lakini kinachouchochea si wingi wake, bali mgeni mdogo anayeivuruga kinga kwa vazi na mikasi yake.

Inafaa kukumbushwa kwamba sehemu kubwa ya maarifa haya inategemea nasaba mbili. W83, iliyotengwa Bonn, Ujerumani, katika miaka ya 1950, ndiyo ya kwanza kusomwa jenomu yake nzima, mwaka 2003, yenye herufi za DNA takriban milioni 2.34; ina kapsuli ya K1 lakini nywele chache. Nyingine, ATCC 33277, iliyosomwa mwaka 2008, haina kapsuli na ina nywele ndefu kupita kawaida kwa sababu jeni yake ya fimB, inayodhibiti urefu, imekatizwa na herufi moja iliyokosewa. Kila mmoja wa wawili hao amevaa nusu ya vazi, na mtafiti anayechagua mmoja amekwisha kuchagua sehemu ya majibu yake.

Si kila bakteria wa ufizi aliyeandikwa ukali wake kwa mtindo huu wa ushonaji. Aggregatibacter actinomycetemcomitans, anayehusishwa na periodontitisi inayowaanza watu wakiwa vijana, hutengeneza sumu inayoua seli nyeupe za damu, na ukoo wake mmoja, unaoitwa JP2, umepoteza kipande cha herufi 530 katika sehemu ya DNA inayotangulia jeni za sumu hiyo na kuamua itolewe kwa kiasi gani. Kwa kukosa kipande hicho, sumu hutolewa kwa wingi kupita koo nyingine. Katika uchunguzi wa vijana wa Morocco uliochapishwa na Dorte Haubek na wenzake mwaka 2008, waliobeba JP2 walikuwa na hatari ya kupoteza ushikizi wa meno katika miaka miwili iliyofuata iliyo kubwa mara 18 kuliko ya wasiokuwa na bakteria huyo, wakati waliobeba koo zake nyingine hatari yao ilikuwa mara 3. Ukoo huo umekadiriwa kuzuka kaskazini mwa Afrika miaka kama 2,400 iliyopita, ukaenea Afrika Magharibi, na inadhaniwa kwamba ulivuka Atlantiki pamoja na watu waliopelekwa utumwani.

Kumtambua JP2 ni kazi ya alasiri moja: sehemu hiyo ya DNA hunakiliwa mara nyingi katika kijaribio, nakala zikapitishwa katika jeli yenye umeme, na mstari wa JP2 ukaonekana umekwenda mbali zaidi kwa kuwa ni mfupi kwa herufi 530. Kwa Porphyromonas gingivalis hakuna mstari mmoja wa namna hiyo. Kuna sukari ya porR, mtambo wa kuvushia, mikasi mitatu, nywele zinazokatwa na mikasi hiyo, blanketi la K, na mafuta yanayohesabu hemu. Na juu ya jeli yenye damu, baada ya siku kadhaa, kuna koloni inayoanza kuwa nyeusi.